Verckys: Tumkumbuke kwa Saksafoni, Tumkumbuke na kwa Kazi ya Utayarishaji

Georges Kiamuangana Mateta, ambaye wapenzi wa muziki walimjua kwa jina la Verckys, alifariki Kinshasa tarehe 13 Oktoba 2022 akiwa na umri wa miaka 78. Tarehe hiyo ilifuata kwa siku moja tu kumbukumbu ya kifo cha Franco Luambo, aliyefariki tarehe 12 Oktoba 1989. Franco ndiye aliyempa nafasi kubwa ya kwanza, na ndiye aliyekuja kuwa mpinzani wake sokoni. Kila anapotajwa Verckys, mashabiki hurudi kwenye saksafoni. Hukumbuka namna alivyoipuliza kwa nguvu, jinsi alivyoshika jukwaa, na jinsi sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, ilivyochemka pale alipoingia. Kumbukumbu hiyo ni ya haki, lakini ni nusu ya mtu. Hoja ya makala haya ni kwamba kazi kubwa zaidi ya Verckys ilifanyika mahali ambapo shabiki hafiki. Ilifanyika studio, kwenye ofisi ya lebo, kwenye mikataba na ghala la vyombo. Hapo ndipo alipoamua ni vijana gani wasikike na nyimbo zipi zifike sokoni. Tukimlilia mpiga saksafoni tukamsahau mtayarishaji, tutakuwa tumezika sehemu ya historia yetu kwa mikono yetu wenyewe. Na hasara hiyo itawafikia hata vijana wanaorekodi leo Nyalukemba, mjini Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, umbali wa takriban kilomita 1,500 kutoka Kinshasa.

Msomaji kijana anaweza kushangaa kusikia Verckys akiitwa mwanamuziki wa jazi. Kongo, kama ilivyokuwa Tanganyika, jina hilo lilibandikwa kwenye bendi za dansi zenye magitaa, ngoma na vyombo vya kupuliza. Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ikafuata mwaka 1956. Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika zilikuwapo Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz na Nuta Jazz. Bendi hizo zilipiga rumba, cha-cha-cha, bolero na mitindo ya nyumbani, na kutoka Marekani zikachukua jina pamoja na mapenzi ya tarumbeta na saksafoni. Verckys, aliyezaliwa Kisantu tarehe 19 Mei 1944, katika jimbo ambalo leo linaitwa Kongo Central, alikulia ndani ya mazingira hayo. Kwa hiyo wingi wa vipaji vyake haukuwa maajabu ya mtu mmoja. Mwanamuziki wa dansi wa wakati ule alilazimika kujua kupiga, kupanga sauti, kutunga na kuongoza wenzake, maana bendi ilipiga usiku kucha na haikuwa na nafasi ya mtu wa kazi moja. Upekee wa Verckys ulikuwa kwamba alikataa kuishia hapo. Alitaka kumiliki pia njia ambayo muziki hupita kutoka kwa mpigaji hadi kwa msikilizaji.

Aliingia OK Jazz mwaka 1963. Ilikuwa bendi ya Franco, mpiga gitaa ambaye kivuli chake kilifunika karibu kila mtu aliyesimama karibu naye, na bado Verckys alisikika. Vyombo vya kupuliza katika bendi nyingi za rumba vilitumika kujibu sauti za waimbaji, vikipamba ubeti na kunyamaza. Yeye aliifanya saksafoni izungumze yenyewe, ipandishe joto la wimbo na kuwasukuma wachezaji. Muziki wa Wamarekani weusi wa miaka ile, wenye pumzi kali na midundo iliyokatwakatwa, unasikika wazi katika upigaji wake, na inasemekana James Brown alipofika Kinshasa kwa tamasha la Zaire 74, mwezi Septemba 1974, alivutiwa naye hata akampa jina la Mister Dynamite. Mashabiki wanaoitaja saksafoni kwanza wana ushahidi masikioni mwao. Lakini katika miaka hiyo ya OK Jazz lilitokea jambo jingine linaloeleza maisha yake yote ya baadaye. Husimuliwa kwamba Franco alipokuwa safarini Ulaya, Verckys alirekodi nyimbo kadhaa kwa siri pamoja na baadhi ya wanamuziki wa bendi. Ugomvi ulizuka, na mwaka 1969 akaondoka na kuunda Orchestre Vévé. Mtu anaweza kulisoma tukio hilo kama kisa cha utovu wa nidhamu. Ukilisoma pamoja na yaliyofuata, linaonyesha mwanamuziki aliyekwisha kutambua kwamba mwenye kurekodi na kuuza ndiye mwenye kauli.

Ili kupima uzito wa utambuzi huo, lazima turudi nyuma kidogo. Biashara ya santuri ilipoanza kushika kasi mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kigiriki. Lebo ya Ngoma ilianza mwaka 1948, Loningisa mwaka 1950, na nyingine zikafuata. Mwenye lebo alinunua mitambo na magitaa, akawalipa wanamuziki kwa kazi, akachagua nyimbo, na santuri ikawa yake. Franco mwenyewe alianzia Loningisa akiwa kijana mdogo. Mwaka wa uhuru, 1960, Kabasele alianzisha lebo yake, Surboum African Jazz, na hapo mlango ukafunguka kwa wanamuziki wenyewe. Kwa hiyo Verckys hakuwa wa kwanza. Yeye aliupanua mlango huo kuliko wengi waliomtangulia. Kupitia lebo yake, Éditions Vévé, alirekodi bendi yake na pia akakusanya bendi za wengine, akazipa vyombo, akazilipia studio, akatoa santuri zao na kuzitafutia soko. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa na jengo lake Kinshasa, Vévé Centre, lililojumuisha studio na mahali pa burudani. Mkongo mweusi, mpiga saksafoni, alikuwa ameshika mnyororo mzima uliokuwa mali ya mgeni alipokuwa mtoto.

Sasa tuangalie waliopita katika mnyororo huo. Bella Bella, bendi ya ndugu wawili Soki Vangu na Soki Dianzenza, ilikua chini ya Vévé. Lipua-Lipua ilitoka mikononi mwake mwaka 1973, na humo sauti nyembamba na safi ya Nyboma Mwan'dido ikajulikana kila mahali. Orchestre Kiam ilikuwa yake. Pepe Kalle, ambaye baadaye angeijaza Afrika kwa Empire Bakuba hadi kifo chake mwaka 1998, alipita Bella Bella na Lipua-Lipua. Les Grands Maquisards ya Ntesa Dalienst ilirekodi kwake, na Zaïko Langa Langa, kundi la vijana lililoondoa vyombo vya kupuliza na kuleta mwendo mpya kabisa, nalo lilitoa santuri kupitia Vévé. Kisa hiki cha Zaïko kinastahili kufikiriwa kwa makini. Mpuliza saksafoni mashuhuri alitumia fedha zake kuwatoa vijana ambao muziki wao haukuhitaji saksafoni hata kidogo. Mpigaji anayetetea kipaji chake tu asingefanya hivyo. Mtayarishaji hufanya hivyo, kwa sababu kazi yake ni kusikia kinachokuja kabla wengine hawajakisikia, hata kama kinachokuja kitampunguzia yeye mwenyewe nafasi jukwaani. Ukimwondoa Verckys mpiga saksafoni katika historia ya Kongo, utapoteza nyimbo nzuri nyingi. Ukimwondoa Verckys mtayarishaji, utavuruga njia iliyowaleta waimbaji wa kizazi kizima.

Umiliki ulimpa pia uhuru wa kusema. Mwaka 1972 alitoa wimbo Nakomitunaka, ambamo mwimbaji anajiuliza maswali mazito kuhusu dini iliyoletwa na wageni: kwa nini katika picha za kanisani malaika na watakatifu ni weupe, na shetani ndiye mweusi. Ulikuwa mwaka wa moto. Rais Mobutu alikuwa ameanzisha siasa ya uasilia, raia walitakiwa kuacha majina ya Kikristo, na Kardinali Malula alijikuta uhamishoni Roma kwa kutokubaliana na serikali. Wapo watakaosema wimbo ule ulifuata upepo wa utawala, na ni kweli kwamba upepo ulikuwa unavuma upande wake. Hata hivyo swali lenyewe lilikuwa la Mwafrika wa kawaida, muumini aliyekuwa akitazama picha zile kila Jumapili. Utawala ule umepita na wimbo bado unapigwa, kwa sababu swali lake halikuisha pamoja na chama tawala. Na mtu aliyeutoa hakuwa na haja ya kumwomba mwenye lebo ruhusa, maana mwenye lebo alikuwa yeye. Hapa kipaji cha utunzi na kazi ya utayarishaji vinakutana, na haviwezi kutenganishwa bila kuupunguza wimbo.

Kuna pingamizi la kwanza, na ni zito. Watayarishaji, watu husema, waliwanyonya wanamuziki. Walimiliki vyombo, majina ya bendi, na haki za nyimbo. Kijana aliyeimba akapata umaarufu, na fedha zikabaki ofisini. Kwa nini basi tumwimbie sifa mwenye ofisi? Hoja hii ina msingi. Mwenye vyombo alikuwa na nguvu kubwa katika muziki wa dansi wa eneo letu lote. Dar es Salaam, bendi ya Super Matimila ilichukua jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo vyake. Kinshasa, Nyboma aliondoka Lipua-Lipua katikati ya miaka ya 1970 na kuunda Les Kamalé, na Lipua-Lipua ikaendelea bila yake. Ndivyo ilivyokuwa: mwimbaji anaondoka na sauti yake, bendi inabaki kwa mwenye mali. Kongo ilikuwa na shirika la haki za watunzi, SONECA, tangu 1969, na baadaye SOCODA ikachukua nafasi yake, lakini malalamiko ya wanamuziki kuhusu malipo hayajakoma hadi leo. Verckys, ambaye alipata pia kuongoza chama cha wanamuziki wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, alikaa pande zote mbili za meza hiyo, kama msanii na kama mwajiri, na wajibu wake ulikuwa mkubwa zaidi kwa sababu hiyo.

Hata hivyo pingamizi hilo linaiimarisha hoja yangu. Anayemkumbuka Verckys kwa saksafoni peke yake hawezi hata kuuliza swali la malipo, kwa sababu katika picha yake hakuna mikataba, hakuna vyombo, hakuna mwenye mali. Ni pale tu tunapomweka mbele yetu kama mtayarishaji ndipo tunaweza kuuliza nani alilipwa, nani hakulipwa, nani aliandikwa kwenye lebo ya santuri na nani aliachwa. Kumkumbuka mtu mzima maana yake ni kukubali mazuri na mabaya yake kwa pamoja. Mazuri yako wazi. Fedha zilizopatikana Vévé zilibaki nchini na kununua mitambo mingine, zikatoa bendi nyingine, wakati faida ya lebo za kigeni ilikuwa na njia yake ya kwenda nje. Mabaya nayo yachunguzwe na watu waliofanya kazi naye, wakiwa bado hai, ili yawe funzo. Sifa tupu za matangani hazimsaidii marehemu wala hazimlindi msanii wa kesho.

Pingamizi la pili linatoka kwetu mashariki. Verckys aliimba na kurekodi kwa Kilingala, huko Kinshasa. Mkazi wa Bukavu anayezungumza Kiswahili ana deni gani kwake? Jibu linaanzia redioni. Redio ya taifa ilivusha rumba kutoka magharibi hadi mashariki ambako barabara haikufika, na santuri nyingi za Kongo zilichapishwa Nairobi na kuuzwa Afrika Mashariki yote. Muziki ule ukazaa watoto wa Kiswahili. Remmy Ongala, aliyezaliwa mwaka 1947 karibu na Kindu, wakati Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu, alichukua magitaa ya Kongo hadi Dar es Salaam na kuyatilia maneno ya Kiswahili kuhusu umaskini, kifo na ukimwi, mpaka kifo chake mwaka 2010. Nguashi Ntimbo kutoka upande wa Katanga aliimba kwa Kiswahili na nyimbo zake zikaenea Kenya. Mwaka 1976 wanamuziki waliotoka bendi ya Baba Gaston waliunda Les Mangelepa mjini Nairobi. Hawa wote walifanya kazi katika soko ambalo Kinshasa ndiyo iliyokuwa ikipanga mwendo wake, na mmoja wa wapanga mwendo alikuwa Verckys. Rumba ya Kongo ilipoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021, kwa ombi la pamoja la Kongo zote mbili, urithi huo haukuandikwa kwa jina la Kinshasa pekee. Ni wa Bukavu, Goma, Uvira na Kindu pia. Anayerithi mali hurithi na wajibu wa kuitunza.

Pingamizi la tatu ni la wasomi. Wanasema kumbukumbu za mashabiki ni hisia, na historia inahitaji nyaraka. Lakini nyaraka zenyewe ziko wapi? Kwa muziki wa dansi wa Kongo, sehemu kubwa ya ushahidi haikuwekwa kwenye maktaba. Iko nyumbani kwa watu, ndani ya makasha ya santuri na kanda, na vichwani mwa wazee wanaojua nani alipiga gitaa la solo katika upande wa pili wa santuri fulani. Lebo ya santuri ya wakati ule iliandika jina la bendi na la mtunzi, na mara nyingi ikaishia hapo. Mpiga besi, mpiga tumba na fundi wa mitambo hawakuandikwa. Mwaka 2014 lebo ya Analog Africa ya Ujerumani ilipokusanya upya rekodi za Vévé za kati ya 1969 na 1978 na kuzitoa kwa wasikilizaji wa dunia, ilionekana wazi kwamba kazi hii ina thamani hata kwa watu wasiojua neno la Kilingala. Ni jambo jema. Lakini si sawa kwamba kazi hiyo ifanywe Ulaya wakati mashabiki wenye maarifa wako hapa. Shabiki anayekumbuka majina ni shahidi, na ushahidi wake, ukilinganishwa na wa wengine na kuandikwa, ni historia.

Mashariki mwa Kongo haraka ya kuandika kumbukumbu hizo ni kubwa zaidi. Bukavu imepitiwa na vita mwaka 1996, 1998, 2004, na tena Februari 2025 ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23. Mtu anayekimbia usiku hubeba watoto na nguo. Santuri, kanda na picha za bendi hubaki, na mara nyingi hazipatikani tena anaporudi. Redio, ambazo ndizo zilizokuwa hazina ya sauti za mji, nazo haziponi katika misukosuko hiyo. Kwa hiyo katika mji huu kila kumbukumbu isiyoandikwa iko hatarini mara mbili, kwa uzee wa mwenye kuikumbuka na kwa moto wa vita. Kinshasa inaweza kujiambia kwamba kuna mtu mahali fulani atakayehifadhi. Bukavu haina haki ya kujidanganya hivyo.

Kuna sababu ya mwisho, inayohusu walio hai. Nyalukemba, katika komini ya Ibanda, kama ilivyo Kadutu na Bagira, muziki wa leo hauhitaji mtaji wa mfanyabiashara wa Kigiriki. Kompyuta moja, kipaza sauti na chumba kilichozibwa kelele vinatosha kutoa wimbo. Kijana anayekaa mbele ya kompyuta hiyo akipanga midundo, akimsahihisha mwimbaji, akiamua wimbo upi utolewe kwanza, anafanya kazi ya Verckys, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Na yeye pia husahauliwa, wala si kwa bahati mbaya: jina la mwimbaji hutangazwa, lake huachwa. Mara nyingi hana mkataba, hana hati inayoonyesha fungu lake, na wimbo ukivuma hana pa kudai. Tukimfundisha kwamba mtangulizi wake alikuwa mpiga saksafoni tu, tutakuwa tumemnyima mfano wa mtu aliyeona kazi ya nyuma ya pazia kuwa kazi yenye hadhi, yenye umiliki na yenye wajibu kwa wengine. Tukimfundisha historia kamili, atajifunza pia makosa ya zamani: kwamba umiliki bila makubaliano ya wazi huzaa ugomvi, na kwamba msanii asiyelipwa huondoka.

Basi kumlilia Verckys kuwe na kazi ndani yake. Redio za Bukavu zinapopiga nyimbo za Vévé zitaje aliyezitunga, aliyezipiga na aliyezitayarisha, na zifanye hivyohivyo kwa nyimbo za vijana wa mji huu. Mwenye santuri au kanda za zamani, awe Nyalukemba au Uvira, azipige picha, azihamishie kwenye kompyuta na kuweka nakala mahali pengine mbali na nyumba yake. Mwenye mzee anayejua bendi za miaka ya 1970 amsikilize na kurekodi maneno yake mwaka huu, asingoje mwakani. Na mwanamuziki anayeingia studio kesho asitoke kabla ya kuandika kwenye karatasi majina ya wote walioshiriki na fungu la kila mmoja. Verckys alitumia maisha yake kuhakikisha kwamba muziki wa Wakongo unamilikiwa na Wakongo. Shukrani inayomfaa ni sisi kuutunza, jina kwa jina.